Ukijibu "Shida", nani anasoma?

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwa shangazi yangu Kayole, hapa Nairobi, nimeketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, mhudumu wa afya ya jamii akaingia kwenye ploti. Ni wale tunaowaita CHP. Alikuwa mama wa makamo, mkoba mgongoni, simu mkononi. Alianzia nyumba iliyo karibu na geti. Mko wangapi hapa? Maji mnachota wapi? Choo mnatumia na nyumba ngapi? Mtoto amemaliza chanjo? Kuna mtu anayemeza dawa kila siku? Kila akijibiwa alibonyeza simu, akainua macho, akauliza tena.

Alipofika nyumba ya tatu mlango ulikuwa umeshafungwa, ingawa redio ilikuwa ikisikika ndani. Jirani aliyekuwa akianika nguo akasema kwa sauti ya kusikiwa na ploti nzima: "Hao ni wa SHA. Ukisema una choo chako mwenyewe unaongezewa malipo." Mwingine akapinga, akasema hao ndio wanaoandika majina ya watu wa kupewa unga. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga mswaki akasema habari zetu zinauzwa. Yule mama alisimama katikati ya ua na simu yake, akieleza kwa upole kwamba hakutumwa na SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na wala hana unga wa kugawa.

Mabishano ya namna hii nimeyasikia Kayole, Mathare na hata kwenye matatu ya kuelekea mjini. Siwalaumu watu. Katika muda mfupi tumeulizwa maswali mengi yanayofanana na watu tofauti, wote wameshika simu, na hakuna aliyeketi akatueleza lipi ni la nini. Pale Kayole kila mmoja alikosea kuhusu yule mama, lakini kila mmoja pia alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Nataka kuvitenganisha vipande hivyo, kwa sababu nyuma ya vurugu hii kuna wazo zuri ambalo linaweza kuokoa watu, na linaweza pia kuharibiwa.

Tuanze na maneno

Mahitaji ya kijamii ya mgonjwa ni yale mambo ya maisha yake ambayo yakikosekana, tiba inakwama: chakula, mahali pa kulala, maji, stima, nauli ya kwenda kliniki, usalama ndani ya nyumba yake, na mtu wa kumwangalia akizidiwa. Hayo hayana sindano wala tembe. Lakini ndiyo yanayoamua kama sindano na tembe zitafanya kazi.

Liko jina jingine linalotajwa sana na wataalamu: viamuzi vya kijamii vya afya. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kulichunguza suala hilo mwaka 2005, ikiongozwa na Profesa Michael Marmot, na ripoti yake ya 2008 ilisema wazi kwamba hali ambamo watu wanazaliwa, wanakua, wanafanya kazi na kuzeeka ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya tofauti za afya kati ya matajiri na maskini.

Majina haya mawili yanachanganywa kila siku, nami naona kuna haja ya kuyatofautisha. Chukua bomba la maji taka lililopasuka mtaani Mukuru kwa Njenga. Kwamba mtaa mzima hauna mfumo imara wa maji taka, hicho ni kiamuzi cha kijamii: kinamgusa kila mtu, na kukirekebisha kunahitaji kaunti, bajeti na miaka. Lakini mtoto wa nyumba namba saba ana kuharisha leo, na mama yake hana maji safi ya kuchanganyia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia mtoto maji mwilini. Hilo ni hitaji la kijamii la mgonjwa mmoja, la leo, na linaweza kushughulikiwa kabla ya jua kutua. Simu ya CHP haiwezi kulaza bomba jipya. Inachoweza kufanya ni kumfikishia mtu habari za nyumba namba saba.

Teknolojia ya afya ya kidijitali nayo inaogopesha kwa jina tu. Ni matumizi yoyote ya simu au kompyuta kuhifadhi, kubeba au kutumia habari za afya. SMS ya kukumbusha siku ya kliniki ni teknolojia. Kubonyeza *147# kwenye kabambe, simu ya vitufe, ili ujisajili SHA ni teknolojia. Hata namba 1195 ya kupiga bila malipo kwa anayedhulumiwa nyumbani, na 116 ya watoto, zimo humo.

Insulini na chakula cha jioni

Sasa nirudi kwa shangazi, maana kwake ndiko nilikoelewa jambo hili.

Ana kisukari, na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Insulini inafanya kazi moja kubwa: inaitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli za mwili itumike. Ukijidunga kisha usile, sukari inashuka mno. Unatokwa na jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanapotea, unaweza kuzirai, na ukiwa peke yako usiku unaweza usiamke. Shangazi aliwahi kuzirai hivyo mara moja, na hakusahau. Kwa hiyo alijiwekea sheria yake mwenyewe: siku ambayo hana hakika ya chakula cha jioni, sindano ya jioni hapigi.

Ukiitazama kwa utulivu, ni sheria ya mtu mwenye akili timamu. Lakini kwenye hospitali anayotibiwa hakuna aliyeijua. Walichoona ni sukari iliyo juu kila anapopimwa. Faili lake liliandikwa kwamba hafuati masharti ya dawa, na kipimo cha insulini kikaongezwa. Fikiria hatari yake: mwanamke anayeruka sindano kwa sababu ya njaa anaongezewa dawa ambayo akiipiga na njaa itamwangusha upesi zaidi.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Foleni siku hiyo ilifika kwenye ngazi. Alikuwa na dakika chache, na faili lenye sehemu ya shinikizo la damu, uzito na sukari. Halikuwa na sehemu ya "jana usiku ulikula nini?"

Tena kulikuwa na la pili. Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Shangazi hana friji, chupa zake zilikuwa zikikaa kwenye friji ya duka la jirani, na tokeni za stima za duka zikiisha, baridi inaisha pia. Hilo nalo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Watu wanapouliza hospitali inahusika vipi na chakula au stima ya mgonjwa, mimi huwaeleza habari za shangazi. Mpaka kati ya ugonjwa na maisha uko kwenye makaratasi tu. Mwili hauujui.

Mzigo na makanga

Basi teknolojia inaingia wapi? Watu wengi wakisikia "mfumo wa kidijitali wa kusaidia wagonjwa" wanadhani programu itawaletea chakula. Hapana. Kazi yake ni ya kubeba.

Unajua tunavyotuma mzigo ushago kwa matatu. Unafunga gunia, unaandika jina na namba ya simu, unampa makanga, unachukua namba ya gari, unampigia ndugu yako umwambie gari linafika saa ngapi. Je, umemaliza? Bado. Unamaliza pale simu inapolia na ndugu yako anasema, "Nimepata." Mpaka hapo mzigo uko hewani, na mara nyingi mizigo inapotea hapo hapo.

Mfumo mzuri wa mahitaji ya kijamii unafuata njia hiyo hiyo. Mtu anaulizwa. Jibu lake linabebwa hadi kwa mwenye uwezo wa kufanya jambo: muuguzi, afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ofisi ya chifu, kanisa lenye jiko, mradi wa kuwasafirisha wagonjwa. Kisha habari inarudi: amesaidiwa, au hakusaidiwa, na kwa nini. Mifumo mingi inafanya vizuri lile la kwanza, inajikokota kwenye la pili, na inasahau kabisa la tatu. Ukitaka kupima mradi wowote wa aina hii, usihesabu walioulizwa. Uliza ni wangapi walisema "nimepata".

"Mambo?"

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ulifanyika hapa hapa, na inasikitisha kwamba Wanairobi wengi hawaujui. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti wa mradi wa WelTel waliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika kliniki tatu: ya Pumwani, ya Coptic Hope hapa Nairobi, na ya Kajiado. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, juu ya huduma hiyo, walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. "Sawa" ikiwa mambo ni mazuri. "Shida" ikiwa kuna tatizo. Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Huo ndio mfumo wote. Hakuna programu ya kupakua, hakuna bando, na hakuna picha za kupendeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa zao ipasavyo, na wale wengine asilimia 50. Waliofanikiwa kuvidhibiti virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Ukimuuliza mtu "Umemeza dawa?", umemfanya mshtakiwa, naye atajitetea. Ukimuuliza "Mambo?", umemsalimu. Na jibu la "Shida" halimlazimishi kueleza kwa maandishi kama shida ni nauli, ni mume aliyegundua chupa ya dawa, au ni kazi ya mjengo isiyompa ruhusa ya kwenda kliniki. Anaeleza kwa mdomo, kwa mtu. Vilevile mtu mwingine akiiona simu hiyo mezani haoni neno la ugonjwa. Anaona salamu.

Aliyenyamaza naye alipigiwa. Wasanifu wa mifumo wengi hulisahau jambo hilo. Mtu mwenye shida kubwa kuliko wote mara nyingi ndiye asiyejibu, kwa kuwa simu imeuzwa, imezimika, au hana moyo wa kujibu. Mfumo unaowahudumia waliojibu tu umewaacha wale uliotengenezwa kwa ajili yao.

Simu ya CHP inafanya nini hasa

Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizindua rasmi jeshi la wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Kila mmoja alikusudiwa kuangalia nyumba kama 100, akiwa na mkoba wenye kipima shinikizo la damu, kipima sukari, kipima joto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo. Na simu, yenye mfumo unaoitwa eCHIS.

Mfumo huo unasajili nyumba na watu wake, unamwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapomkuta mtoto mgonjwa au mama mjamzito, na unamwezesha kuandika rufaa ya kwenda kituo cha afya. Unafanya kazi hata pasipo na mtandao, kisha habari zinapanda mtandao ukipatikana. Maswali ya maji na choo yamo kwa sababu mtoto anayeharisha mara tatu kwa mwezi haponi kwa ORS peke yake.

Kwa hiyo yule jirani wa kamba ya nguo alichanganya mambo, ila si bila sababu. SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nayo inauliza kuhusu nyumba, maji na choo. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75. Kwa asiye na payslip, kuna tathmini ya uwezo: anaulizwa jinsi anavyoishi, na kompyuta inakisia kipato cha kaya, kisha inamwekea kiwango cha kulipa, kisichopungua Sh300 kwa mwezi. Ni kama mama mboga anayeamua nani apewe sukuma kwa mkopo kwa kutazama viatu vyake. Mara nyingi anapatia. Lakini kuna mtu amevaa viatu vya kuazima, na kuna mwenye pesa anayependa sandali. Ndiyo maana wapo wanaolalamika kwamba wamewekewa kiwango wasichokimudu, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa.

Maswali yanafanana, makusudi yanatofautiana. SHA inauliza ili ijue ulipe ngapi. Kliniki inayouliza mahitaji ya kijamii inataka kujua nini kinakuzuia kupona. Tatizo ni kwamba mtu akishazoea kuwa jibu la kweli linamgharimu, atalificha hata pale ambapo jibu la kweli lingemwokoa. Hilo ndilo nililoliona kwenye ule mlango uliofungwa. Naamini kila anayebisha hodi na simu mkononi anapaswa kuanza kwa sentensi moja: mimi ni nani, nauliza kwa nini, na jibu lako litaenda wapi.

Ikiwa hujajisajili SHA kwa kuogopa hesabu hizo, jua jambo moja: huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali, na zinahitaji usajili tu. Usajili unafanyika kwa *147#, bila simu janja.

Pale ambapo kitu kilifika

Mifano ya mzigo kufika ipo. Mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza kutumia mfumo wa TIBU mwaka 2012 kusajili na kufuatilia wagonjwa. Mfumo huo ulitumika pia kuwatumia wagonjwa wa kifua kikuu sugu pesa za kujikimu kupitia M-Pesa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, lakini bure ya dawa haimlipii mtu nauli, wala haimrudishii siku alizokosa kazi. Hapo mfumo uliojua nani mgonjwa ndio huo huo uliomfikishia nauli.

Mfano mwingine hauna hata harufu ya hospitali. Watoto wa shule za umma Nairobi waliomo kwenye Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni ulioanza mwaka 2023, huvaa bangili mkononi. Mzazi analipa Sh5 kwa sahani, akaunti inasoma, mtoto anagusisha bangili, anapewa chakula. Watu hupiga picha bangili. Mimi ningependa wapige picha sufuria. Bangili bila jiko lililopika usiku kucha ni pambo tu.

Na hapa niwataje wale wanaotumia akili unde. Jacaranda Health wana huduma ya ujumbe ya PROMPTS kwa wajawazito na akina mama waliojifungua. Mama anauliza kwa SMS, mashine inasoma kwanza na kupanga zipi ni za dharura, kisha watu wa dawati la msaada wanashughulika naye. Nina imani na mpangilio huo kwa sababu mashine imewekwa kwenye kupanga foleni, na mtu amewekwa kwenye kuhudumia. Nitaanza kuogopa siku watakapobadilishana.

Hofu ambazo si uvumi

Kijana wa mswaki alisema habari zetu zinauzwa. Kisheria haziwezi kuuzwa kama nyanya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya kujua zinatumiwa kufanya nini, kuziona, na kudai zisahihishwe. Kuna Kamishna wa Data wa kupelekewa malalamiko. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ikaongeza masharti yake. Lakini sheria ni kufuli, na kufuli inategemea nani ana funguo. Ukiombwa habari, una haki ya kuuliza nani ataziona, na asiyeweza kukujibu hastahili jibu lako.

Hofu kubwa zaidi kwangu iko karibu na nyumbani. Simu nyingi mtaani ni za watu wawili au watatu. Mke anatumia ya mume, mama anatumia ya bintiye. Ujumbe unaosema "Kumbuka dawa zako za ARV" ukiingia kwenye simu ya nyumba, umetangaza. Swali la "Je, kuna anayekupiga nyumbani?" likifika kwenye simu ambayo anayepiga ndiye anayeishika, swali hilo lenyewe linaweza kuleta kipigo. Mengine hayaulizwi kwa simu hata kidogo. Yanaulizwa faraghani, ana kwa ana, na mtu aliyefunzwa, ambaye tayari anajua atakupeleka wapi ukijibu ndiyo.

Na hilo linanileta kwenye jambo ninaloona ni zito kuliko yote. Kuuliza tu hakutoshi, na wenzetu wenye pesa nyingi kuliko sisi wamelipata somo hilo. Nchini Marekani, kati ya 2017 na 2023, idara inayosimamia bima za Medicare na Medicaid iliendesha mpango wa kuwauliza wagonjwa kuhusu mambo matano: makazi, chakula, usafiri, bili za nyumbani kama umeme na maji, na usalama wao. Waliokuwa na shida na waliokuwa wakienda dharura mara kwa mara walipewa msaidizi wa kuwaunganisha na misaada. Tathmini ilionyesha walianza kwenda dharura mara chache zaidi, na hilo ni jema. Lakini kuhusu shida zenyewe, waliopewa msaidizi hawakutatuliwa zaidi ya wasiopewa. Msaidizi anaweza kukuonyesha mlango wa ghala, lakini ghala likiwa tupu hana la kukupa.

Hapa Nairobi ghala letu lina rafu chache. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa, watu wenye ulemavu mkubwa, na kaya zinazolea yatima. Hospitali za umma zina maafisa wa ustawi wa jamii wanaoweza kutathmini mgonjwa asiyeweza kulipa bili. Zaidi ya hapo ni makanisa, misikiti, vyama vya akina mama na majirani. Anayejenga mfumo wa kuuliza bila kwanza kuorodhesha rafu hizo, na kujua ipi ina kitu wiki hii, anawavua watu nguo bila kuwa na shuka la kuwafunika.

Wala tusisahau anayebeba simu. CHP aliahidiwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na malalamiko ya kucheleweshwa yamesikika mara nyingi. Tunamtuma akaulize nani amelala njaa, na yeye mwenyewe pengine hajala.

Nyumba ya mwisho

Siku ile Kayole, yule mama alimaliza kwa shangazi. Maswali ya kwenye simu yalikwisha. Akaifunga, akaiweka mapajani, akaona sindano kwenye bati la majani chai, akauliza: "Na jana usiku, mama, ulikula?"

Shangazi alinitazama kwanza. Kisha akasema, "Nilikunywa chai."

Yakafuata yote: sheria yake ya sindano, friji ya dukani, kuzirai. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu, hata mimi. Yule mama akafungua simu tena, akaandika rufaa ya kituo cha afya, akaomba namba ya kumpata. Simu ya shangazi huzimika sana, kwa hiyo akatoa na namba ya jirani, kwa hiari yake.

Muuguzi alipiga Jumanne. Simu ya shangazi ilikuwa mteja hapatikani, akapiga ile ya pili. Wiki hiyo kipimo cha insulini kilipunguzwa, akafundishwa la kufanya siku ya chakula kidogo, akaelezwa pia kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa wiki nne bila friji ikilindwa na joto. Sasa anaiweka kwenye chungu cha udongo chenye maji pembeni. Chakula cha jioni bado ni cha kubahatisha. Ana miaka 67, na Inua Jamii inaanzia 70.

Namba ile ya pili ni ya jirani wa kamba ya nguo, yule aliyesema hao ni wa SHA. Aliposikia ni muuguzi anamtafuta shangazi, alivuka ua na simu mkononi, akampa, kisha akarudi kwenye nguo zake hadi mazungumzo yalipokwisha.